Magadi Yakikutana na Maji Magumu: Somo la Ukoko Katika Visima vya Mafuta

Tangu Machi 2012, kisima cha Ngamia 1 kilipothibitisha kuwa Turkana Kusini kuna mafuta, mabaraza mengi yamezungumzia ardhi, ajira na mgao wa mapato. Maji hayajapata nafasi yake katika mazungumzo hayo, ilhali ndiyo yatakayoamua ni mapipa mangapi yatatoka ardhini na ni mangapi yatabaki huko daima. Somo hili linahusu sehemu moja tu ya suala la maji: madini yaliyoyeyuka ndani yake yanapogeuka jiwe mahali pasipotakiwa. Hapa tatizo hilo litaitwa ukoko, kwa kuwa kila aliyewahi kukwangua sufuria anajua maana yake.

Ukoko wa madini ni ule weupe mgumu unaojijenga ndani ya birika mahali ambapo maji ya kisima ni magumu, yaani yenye kalsiamu na magnesiamu nyingi. Maji hayo hutoka kisimani yakiwa safi kwa macho. Yanapochemka, gesi ya kaboni iliyomo hutoroka, na kalsiamu haiwezi tena kukaa imeyeyuka. Hugeuka chokaa na kushika kwenye bati. Katika birika hasara ni kuni au makaa kidogo zaidi. Katika kisima cha mafuta kilichochimbwa kwa mamilioni ya dola, hasara ni kisima chenyewe.

Kwa nini maji yasukumwe chini

Mafuta hayakai ardhini kama ziwa. Yamo katika vitundu vidogo vya mwamba wa mchanga, vingi vikiwa vyembamba kuliko unywele. Kisima kinapofunguliwa, nguvu ya asili husukuma nje sehemu tu ya mafuta hayo. Nguvu ikipungua, maji huingizwa kupitia visima vingine pembeni ili yayafukuze mafuta kuelekea kisima cha kutolea. Hata baada ya kazi hiyo, katika maeneo mengi ya mafuta duniani takriban thuluthi mbili hubaki mwambani.

Mafuta ya Lokichar yana nta nyingi na huganda yakipoa. Ndiyo sababu malori yaliyoanza kuyabeba kwenda Mombasa Juni 2018 yalitumia matangi maalum ya kuhifadhi joto, hadi shehena ya kwanza ilipouzwa nje Agosti 2019. Mpango wa uzalishaji mkubwa umejengwa juu ya kusukuma maji, na chanzo kilichopendekezwa ni bwawa la Turkwel, ambalo mto wake ndio unaopita Lodwar kuelekea ziwani.

Hatua ya kemikali huja baadaye, maji matupu yanapofikia kikomo. Mfano unaofaa kutazamwa na Turkana ni Mangala, katika jimbo la Rajasthan nchini India. Mafuta yake yaligunduliwa mwaka 2004 na kuanza kutoka mwaka 2009. Ni eneo kame, na mafuta yake pia yana nta nyingi kiasi kwamba bomba lake, lenye urefu wa zaidi ya kilomita 600 hadi pwani ya Gujarat, hupashwa joto njiani. Mangala ilianza kwa maji, ikafuata polima, na ikafanya pia jaribio dogo la kuchanganya polima, sabuni na alkali. Mpangilio huohuo wa hatua umefuatwa katika nchi nyingine.

Kila moja ya kemikali hizo tatu ina kazi yake. Polima huyafanya maji yawe mazito kama uji mwepesi, yasiyakimbie mafuta na kuyaacha nyuma. Sabuni huyabandua mafuta kutoka kwenye mwamba, kama inavyobandua samli kwenye sahani. Alkali huingia kwa sababu ya bei: inapokutana na asidi iliyomo katika baadhi ya mafuta ghafi, hutengeneza sabuni nyingine hukohuko chini, na huzuia sabuni iliyonunuliwa kwa bei ghali isinase kwenye mwamba bila kufanya kazi.

Alkali inayotumika sana kwa kazi hii ni sodiamu kaboneti. Wakenya wanaifahamu kwa jina jingine, magadi, yale ambayo kwa zaidi ya karne moja yamechimbwa katika Ziwa Magadi, Kaunti ya Kajiado, na kusafishwa kwa ajili ya viwanda vya vioo na sabuni. Tatizo la ukoko linaanzia hapo.

Ndoo moja ya maji

Anayefua kwa maji magumu huona sabuni ikikataa kutoa povu. Akitia magadi, maji hubadilika rangi kuwa meupe, weupe ule huzama taratibu, kisha povu huja. Kilichotokea ni kwamba magadi yameikamata kalsiamu na kuigeuza chokaa. Katika ndoo hilo ni jambo jema, kwa sababu chokaa hukaa chini na nguo hufuliwa kwa maji ya juu.

Mwamba hauna mahali pa kuweka chokaa hiyo. Maji magumu yakitiwa magadi na kusukumwa kisimani, weupe uleule hutokea katika bomba au kwenye mdomo wa mwamba, na vijia vya mafuta huzibwa na dawa iliyotakiwa kuvifungua.

Hesabu yake si ngumu. Tuchukue maji yenye miligramu 200 za kalsiamu katika kila lita, kiwango ambacho si cha ajabu kwa maji ya ardhini. Kalsiamu yote ikigeuka chokaa, kila lita 1,000 hutoa nusu kilo. Pipa moja la kipimo cha mafuta ni lita 159. Mradi unaosukuma mapipa 10,000 ya maji hayo kwa siku, ambao ni mradi mdogo, ungetengeneza karibu kilo 800 za chokaa kila siku, sawa na magunia 16 ya simenti ya kilo 50. Hata sehemu ndogo tu ya mzigo huo ikinasa mahali pabaya, kisima hakitafika mwisho wa mwaka kikiwa kizima.

Polima nayo haiyapendi maji magumu. Nyuzi zake ndefu, zinazoyapa maji uzito, hujikunja kalsiamu na magnesiamu zinapozigusa, na maji hurudia wepesi wake. Katika joto la chini ya ardhi, nyuzi zilizoanza kuharibika zinaweza hata kushikana na kalsiamu na kujitenga na maji. Fedha za kununua polima hupotea hivyo kabla haijasukuma tone la mafuta.

Yaliyotokea Daqing na Bahari ya Kaskazini

Eneo la Daqing, kaskazini-mashariki mwa Uchina, liligunduliwa mwaka 1959 na ndilo lililoenda mbali kuliko mengine katika kutumia mchanganyiko wa alkali, sabuni na polima. Majaribio ya uwanjani yalianza miaka ya 1990. Kwa upande wa mafuta matokeo yalikuwa mazuri mno: ripoti zilionyesha ongezeko la karibu asilimia 20 ya mafuta yote yaliyokuwamo mwambani, juu ya yale ambayo maji matupu yangetoa.

Kisha pampu zikaanza kukwama. Daqing ilitumia alkali kali, soda kali ya kutengenezea sabuni. Alkali kali hufanya jambo ambalo magadi hulifanya kwa kiasi kidogo zaidi: huyeyusha mwamba wenyewe. Mchanga na udongo wa mfinyanzi vina silika, na maji yenye ukali mkubwa huichukua silika hiyo na kusafiri nayo. Safari hiyo inaweza kuchukua miezi. Mwishoni, karibu na kisima cha kutolea mafuta, maji hayo hukutana na maji ya asili yasiyo na ukali na yenye kalsiamu na magnesiamu. Ukali unashuka ghafla, silika haiwezi tena kubaki imeyeyuka, na inaganda pamoja na chokaa juu ya mabomba na pampu. Pampu zilizotarajiwa kufanya kazi kwa muda mrefu zililazimika kung'olewa kila mara, na kila zinapong'olewa kisima husimama.

Wahandisi wa Kenya si wageni wa silika. Wanaozalisha umeme wa mvuke Olkaria, katika Kaunti ya Nakuru, hulazimika kuyachunga maji moto yanayorudishwa ardhini, kwa kuwa yakipoa silika yake huganda katika mabomba.

Tukio la Bahari ya Kaskazini lilikuwa la kasi zaidi, ingawa halikuhusu alkali. Huko maji ya bahari ndiyo yaliyosukumwa chini. Maji ya bahari yana salfeti nyingi, na maji ya mwambani katika baadhi ya maeneo hayo yana bariamu. Kila moja likiwa peke yake halina neno. Yakichanganyika, hutokea bariamu salfeti, jiwe ambalo asidi haliliwezi. Katika eneo la Miller, kisima kimoja kilichokuwa kikitoa mapipa 30,000 kwa siku kilishuka hadi sufuri katika muda wa saa 24.

Katika mifano hii miwili, ukoko ulizaliwa pale maji mawili yasiyopatana yalipokutana. Kwa hiyo swali la kwanza katika mradi wowote ni maji gani yatakutana na yapi, wapi, na katika joto gani.

Kinga inavyofanywa

Hatua ya kwanza ni maabara, na ndiyo ya bei nafuu kuliko zote. Sampuli ya maji ya kusukumwa na sampuli ya maji ya mwambani huchukuliwa, hupimwa kalsiamu, magnesiamu, bariamu, salfeti, silika, chuma na ukali wake, kisha huchanganywa kwa viwango mbalimbali katika chupa na kuwekwa kwenye joto la kisima. Chupa ikigeuka nyeupe, mpango hubadilishwa. Baada ya chupa, maji hayo hupitishwa katika kipande halisi cha mwamba, na shinikizo linalohitajika kuyapitisha hupimwa. Likipanda siku baada ya siku, mwamba unaziba. Programu za kompyuta pia hukadiria ni ukoko gani utatokea, lakini makadirio hayachukui nafasi ya chupa.

Hatua ya pili ni kulainisha maji kabla ya kutia kemikali yoyote. Njia moja hutumia resini, chembe ndogo za plastiki ambazo huipokea kalsiamu na kutoa sodiamu badala yake. Resini ikishiba huoshwa kwa maji ya chumvi na kutumika tena. Njia nyingine hutumia utando mwembamba wa kuchuja, unaofanana na ule wa mitambo ya kuondoa chumvi katika maji ya kunywa. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, majukwaa ya Bahari ya Kaskazini yametumia utando wa namna hiyo kuondoa salfeti kabla maji ya bahari hayajashuka kisimani.

Maji ya mto kwa kawaida huwa na madini machache kuliko ya ardhini, kwa hiyo maji ya Turkwel yanaweza kuonekana kuwa jibu la haraka. Lakini kadiri miaka inavyosonga, kisima cha mafuta hutoa maji zaidi na mafuta kidogo, na mradi wowote wenye busara katika ardhi kame huyarudisha maji hayo chini badala ya kuchota mapya. Hapo maji mawili yanachanganywa kila siku. Mradi ulio na mtambo wa kulainisha unaweza kutumia tena maji yake. Usio nao utarudi mtoni.

Hatua ya tatu ni kuchagua alkali. Daqing yenyewe ilihama polepole kutoka alkali kali kwenda magadi, ambayo huyeyusha silika kidogo zaidi. Miradi mingine imeacha alkali kabisa na kubaki na sabuni na polima. Sabuni hupotea zaidi mwambani na bei hupanda, lakini pampu hazisimami. Wanaotoa zabuni mara nyingi huangalia bei ya kemikali kwa kilo, na hilo ni kosa. Bei ya kweli ni ile inayojumlisha siku ambazo kisima kitasimama.

Mara nyingi pia maji laini hutangulizwa peke yake kabla ya mchanganyiko wa kemikali, ili yayasogeze mbele maji magumu ya mwambani. Njia hii husaidia, ila mwamba hauko sawasawa kila mahali, na maji magumu hubaki katika pembe ambazo maji laini hayakufika.

Baada ya hayo ndipo huja vizuia-ukoko. Hizi ni kemikali zinazotiwa kwa kiwango kidogo sana, mara nyingi gramu chache kwa kila lita 1,000. Haziondoi kalsiamu majini. Kazi yake ni kujibandika kwenye chembe ya ukoko inapozaliwa, isikue. Husukumwa kwa wingi ndani ya kisima cha kutolea mafuta, huachwa zishike mwambani, kisha hutoka kidogokidogo na mafuta kwa miezi kadhaa. Kwa chokaa na bariamu zinafanya kazi vizuri. Kwa silika bado ni kazi ngumu, na ndiyo maana kuchagua alkali mapema kuna uzito kuliko kutafuta dawa baadaye.

Kinga ikishindwa, kinachobaki ni kusafisha. Chokaa huyeyuka kwa asidi ya kawaida ya viwandani. Silika huhitaji asidi ya hidrofloriki, ambayo hupenya ngozi na inaweza kuua, na lazima ishughulikiwe na watu waliofunzwa wenye mavazi kamili. Bariamu mara nyingi hukwanguliwa kwa mashine.

Gharama inapoangukia

Mkazi wa Nakukulas au Lokichar anaweza kuuliza haya yote yanamhusu nini. Kwanza ni hesabu ya mgao. Sheria ya Petroli ya mwaka 2019 inatenga asilimia 20 ya mapato ya serikali kutokana na mafuta kwa kaunti, na asilimia 5 kwa jamii ya eneo hilo. Lakini katika mikataba ya kugawana mafuta, mwekezaji kwanza hujirudishia gharama zake kutokana na mafuta yanayotoka, ndipo faida igawanywe. Pampu inayong'olewa mara nne kwa mwaka ni gharama. Kisima kilichosafishwa kwa asidi ni gharama. Gharama hizo zikikubaliwa katika hesabu, hukatwa kabla asilimia 20 na 5 hazijakokotolewa, na wakati huohuo mapipa yaliyotarajiwa hayatoki.

Pili ni taka. Mtambo wa resini hutoa maji ya chumvi kali kila unapooshwa, na mtambo wa utando hutoa maji yaliyobeba madini yote yaliyochujwa. Maji hayo hayafai kwa binadamu wala mifugo, na yakiachwa wazi katika eneo la malisho, mbuzi watayafuata. Utupaji wa majitaka unasimamiwa na Kanuni za Ubora wa Maji chini ya Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira (NEMA), na mradi wa aina hii hauwezi kuanza bila tathmini ya athari kwa mazingira, ambayo wananchi wana haki ya kuisoma na kuitolea maoni. Anayeisoma na atafute kurasa za maji. Matokeo ya kupima maji ya pande zote mbili yanapaswa kuwamo, pamoja na maelezo ya yatakapokwenda maji ya chumvi yanayotoka mtamboni, na orodha ya kemikali kwa majina yake badala ya maneno kama "viongezeo". Ripoti inayosema tu kwamba maji "yatatibiwa" haijajibu swali.

Tatu ni mabomba yenyewe. Ukoko wa bariamu unaweza kubeba radiamu, madini ya asili yenye mnururisho yanayotoka mwambani pamoja na maji. Bomba lililotolewa kisimani likiwa na ukoko mgumu ndani halina tofauti kwa macho na chuma chakavu kingine, na chuma chakavu kina wanunuzi. Mabomba ya namna hiyo hayafai kukatwa, kukwanguliwa, kutumiwa kama nguzo za nyumba au kugeuzwa mabirika ya kunyweshea mifugo. Hatari kubwa ni vumbi la ukoko linapovutwa au kumezwa. Yanapaswa kupimwa kwa kifaa cha mnururisho kabla ya kutoka katika eneo la kazi, na masuala ya mnururisho nchini yako chini ya Mamlaka ya Udhibiti wa Nyuklia ya Kenya. Mkazi anayeona bomba la kisima cha mafuta likiuzwa au likiwa limetupwa anaweza kumjulisha chifu au afisa wa mazingira wa kaunti ndogo, bila kuligusa.